Fahamu: Kwa nini kitabu ulichonunua mtandaoni kinaweza kufutwa?

Julai 2009, baadhi ya wasomaji Marekani waliwasha Kindle, vifaa vyao vya kusomea vitabu vya kidijitali, wakakuta riwaya ya George Orwell, 1984, haipo. Amazon, kampuni iliyowauzia, ilikuwa imeifuta kutoka mbali, kwa sababu aliyeiweka dukani hakuwa na haki ya kuiuza. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi. Lakini hasira hazikuisha: kitu nimekilipia, kinachukuliwaje bila hodi?

Inawezekanaje?

Unapobofya "nunua", kwa kawaida hupewi umiliki bali leseni ya kutumia. Faili hufungwa kwa kufuli la kidijitali linaloitambua akaunti yako. Ndiyo maana mara nyingi huwezi kumwazima jirani kitabu hicho, kukiuza wala kukihamishia kifaa cha kampuni nyingine. Duka likifungwa, ufunguo nao unaweza kuondoka. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Vitabu vikaacha kufunguka, wanunuzi wakarudishiwa fedha.

Sheria inasemaje?

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1998 inakataza kuvunja makufuli hayo, isipokuwa katika mazingira maalumu. Tangu Januari 2025, jimbo la California linawataka wauzaji wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni tu, isipokuwa kama faili inapakuliwa moja kwa moja na kubaki kwake.

Ufanye nini?

Kabla ya kulipa, angalia kama faili inapakulika na kusomeka bila akaunti. Wapo wachapishaji wanaouza vitabu visivyo na kufuli.