Mota ya Feni ya Jenereta Inapopata Moto

Jenereta ya gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda na jiko, hufungwa ndani ya boksi finyu lenye matundu machache ya hewa. Ikiwa ni ya kupozwa kwa maji huwa na rejeta, na mara nyingi feni ya rejeta huzungushwa na mota ndogo ya volti 12. Mota hiyo ikipata moto kupita kiasi, feni hupunguza mwendo, maji huchemka na jenereta hujizima. Wengi hukimbilia kununua mota nyingine. Ni haraka yenye hasara, kwa sababu kinachoiunguza mara nyingi kiko nje yake, na mpya itafuata njia ileile.

Kwa mfano, huko Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, cha kushukiwa kwanza ni vumbi. Wakati wa kiangazi barabara za changarawe hutimua vumbi, na nyuzi za pamba, zao kuu la mkoa huu, zikinasa kwenye mapezi ya rejeta hushikana na vumbi hilo hadi hewa ikose pa kupita. Feni ikisukuma hewa isiyopita, mota hubeba mzigo mkubwa zaidi huku yenyewe ikikosa hewa ya kuipoza. Umeme inaouvuta ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa kwenye nyaya zake huongezeka mara nne. Mwinuko nao una sehemu yake: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Itilima iko juu zaidi, kwa hiyo hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ile ya pwani.

Kabla ya kugusa chochote, jenereta izimwe, waya hasi wa betri utolewe, na rejeta iachwe ipoe. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na kifuniko cha rejeta yenye moto kikifunguliwa hurusha maji yanayounguza.

Mapezi yakishasafishwa, panga la feni lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito au likikwaruza, beringi au bushi imekwisha. Likicheza huku na huku, huenda limekuwa likigusa boksi lake. Mota inayozunguka kwa urahisi lakini inatoa harufu ya kuungua ifunguliwe, kaboni zake zitazamwe.

Kisha betri irudishwe na volti zipimwe kwenye mota feni ikizunguka. Zikipungua kwa zaidi ya nusu volti kuliko za betri, kuna waya mwembamba, kutu au maungio yaliyolegea. Hapo feni huzunguka polepole, rejeta haipoi, na mota haipumziki. Relei, yaani swichi inayowasha feni, ikiganda ikiwa imewasha, nayo huinyima mota mapumziko. Waya zikiwa zimebadilishana, feni huzunguka kinyume na kupambana na mkondo wa hewa uliokusudiwa. Karatasi nyepesi ikishikwa mbele ya rejeta huonyesha hewa inaelekea wapi.

Fyuzi inayokatika mara kwa mara isibadilishwe kwa kipande cha waya. Ndani ya gari ambamo watu hulala, waya huo unaweza kuanzisha moto. Jenereta isijaribiwe pia kabla bomba la moshi halijakaguliwa: kaboni monoksidi haina harufu, na huua.