Kutu katika Bastola ya Zamani

Watu wengi hudhani ya kuwa kutu ni uchafu tu, mfano wa tope lililokauka juu ya jembe, na ya kuwa ikikwanguliwa chuma cha tangu mwanzo kitaonekana tena kizima. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe, kilichoungana na maji na ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni, kikageuka kuwa kitu kingine. Kila chembe nyekundu iangukayo wakati wa kusugua ilikuwa zamani sehemu ya chombo. Basi mtu atakaye kuiponya bastola ya zamani na ajue kwamba kilicholiwa hakirudi. Kazi yake ni kumzuia mlaji asiendelee, na kukihifadhi kilichosalia.

Natutwae mfano mmoja, bastola ya Kiingereza iitwayo Webley Mark VI, ambayo jeshi la Uingereza liliikubali mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya kwanza. Ni chombo kizito, chenye silinda, yaani ule mviringo wenye matundu sita ya kutilia risasi. Mtu akibonyeza kikono kilicho upande wa kushoto, bastola hukunjika katikati, na matundu yote sita huonekana kwa nyuma.

Kabla ya kugusa mafuta wala brashi yako mambo mawili. La kwanza ni sheria. Katika Kenya na Tanzania bastola ya namna hii hutaka leseni, hata ikiwa ni urithi wa mzee, hata ikiwa imeliwa na kutu kiasi cha kutopiga kamwe. Aiokotaye shambani au katika sanduku la marehemu asiitie mfukoni, hata kwa nia njema ya kuipeleka. Aiache mahali pake, akawaite polisi. Maneno yafuatayo ni ya mwenye leseni, au mtu wa makumbusho.

La pili ni risasi. Ifunguliwe, mdomo wake ukielekea mahali pasipo mtu, yakaangaliwe matundu sita, kisha mtutu wote. Ikiwa kutu imeifunga hata haifunguki, ihesabiwe kuwa ina risasi, ipelekwe kwa fundi wa bunduki mwenye ruhusa. Isigongwe wala isipashwe moto. Na kwa magobori na bastola za kale zishindiliwazo kwa mbele hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu baruti ikikaa kavu haifi kwa uzee. Hizo hupimwa kwa kijiti cha mti: kitie polepole katika mtutu hata kikome, kitie alama penye mdomo, kisha kilaze kijiti kwa nje na kulinganisha. Kisipofika mwisho wa mtutu, ndani mna kitu, na kazi ikome hapo hapo.

Hayo yakiisha, ondoa vishikio. Vya Webley hii ni vya mpira mgumu, navyo hupotewa na rangi yao nyeusi vikitiwa katika maji ya moto. Skrubu zilizoshikwa na kutu zisilazimishwe. Zitiwe mafuta mepesi, zikae siku mbili tatu, kisha zifunguliwe kwa bisibisi ijaayo sawasawa katika ufa wake. Kamani kubwa iliyo ndani ya mpini yafaa kuachiwa fundi, maana imebanwa kwa nguvu nyingi, na ikivunjika si rahisi kupata nyingine.

Sasa, kutu yenyewe. Hapa ndipo watu waharibupo vitu vyao. Mmoja huchukua msasa, wa pili tupa, wa tatu hukamua ndimu na kusugua kwa mchanga kama asuguavyo sufuria. Chuma chang'aa kama fedha, naye hufurahi. Lakini jina la mtengenezaji limefutika, na mwaka, na mshale mdogo uliokuwa alama ya serikali ya Uingereza, na pengine hata namba, ambayo ndiyo iitambulishayo bastola mbele ya sheria. Tena ile rangi nyeusi yenye ubuluu ya bunduki za zamani si rangi ya kupakwa. Nayo ni aina ya kutu, ila ni kutu njema, nyeusi, iliyoshikamana na chuma na kukilinda. Asidi ya ndimu au ya siki haichagui. Huila nyekundu na nyeusi pamoja. Mimi naona afadhali bastola yenye madoa ya uzee kuliko ile iliyong'arishwa hata haina tena habari ya kusimulia.

Njia ya upole ni hii. Paka mafuta mepesi ya mashine, uache usiku kucha. Asubuhi sugua kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa, iliyoloweshwa mafuta, au kwa brashi ya nyuzi za shaba, ambayo ni laini kuliko chuma. Sugua kidogo, futa, tazama, paka tena. Mafuta ya taa nayo hulegeza kutu vizuri, lakini hayakilindi chuma baadaye, na yasitumiwe karibu na moto.

Palipobaki wekundu ndani ya vishimo, maji yanayochemka hufanya kazi ambayo mkono hauwezi. Osha kwanza chuma kwa sabuni hata mafuta yote yatoke. Kisha kichemshe robo saa katika maji ya mvua, kwa maana maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Utaona ajabu: kutu nyekundu hugeuka nyeusi, kama unga wa masizi. Huu ni ufundi ule ule uliotumiwa na viwanda vya bunduki kutia rangi: walikiacha chuma kishike kutu kidogo, wakakichemsha, wakasugua, wakarudia mara nyingi. Kikitoka majini hukauka upesi kwa joto lake. Sugua unga ulegeao, na upake mafuta kingali na uvuguvugu.

Ndani ya mtutu kuna adui mwingine. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi baada ya kupigwa, na chumvi haiyeyuki katika mafuta. Kwa sababu hiyo askari wa Kiingereza walifundishwa kumimina maji ya moto katika bunduki zao kwanza, ndipo wapake mafuta. Mtutu uliopakwa mafuta juu ya chumvi huliwa chini kwa chini, mwenyewe akidhani ameutunza.

Bastola iliyoponywa hivi haifai kupigwa, hata ikiwa inalia vizuri mkononi. Vishimo vya kutu vimepunguza unene wa chuma, na jicho haliwezi kujua ni kiasi gani. Hilo ni la fundi kupima.

Isiwekwe katika mfuko wake wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na ina dawa zilizotumiwa kuilainisha, ziumazo chuma. Ifungwe katika kitambaa kikavu chenye mafuta kidogo, ifungiwe kwa ufunguo, risasi zikiwa mahali pengine. Kila ishikwapo kwa mikono mitupu ifutwe, kwa sababu jasho nalo lina chumvi. Na wakati wa masika itazamwe kila mwezi, hasa chini ya vishikio, ambako unyevu huingia kwanza.