Nakamura, Frikiki na Zamu ya Chai

Yanilazimu nijibu hadharani tuhuma niliyobandikwa katika kundi la WhatsApp la jamaa zangu wa Chepilat, Kenya, ya kwamba mimi nikaaye Yokohama nimeingiwa na kiburi, kwa kuwa sikutia neno chini ya ile video ya mwanasoka Mjapani Shunsuke Nakamura ambayo binamu yangu huituma kila Manchester United wafungwapo. Kana kwamba kuishi katika mji alikozaliwa bwana huyo mwaka 1978 kumenifanya kuwa katibu wake.

Sababu ya umaarufu wake i dhahiri. Mwaka 2006, akiichezea Celtic ya Uskoti katika Ligi ya Mabingwa, alimfunga kipa wa Manchester United, Edwin van der Sar, kwa frikiki mbili: ya kwanza Septemba, ugenini Old Trafford, ambako Celtic walilazwa 3-2, na ya pili Novemba, nyumbani, iliyokuwa bao la pekee, ikawavusha hadi kumi na sita bora. Mguu wa kushoto, mpira ukapaa juu ya ukuta, ukajipinda, ukatua wavuni: yote hayo hutimia kwa muda mfupi mno, nao watazamao kwa simu hawana subira ya zaidi. Mashabiki wa Arsenal huisambaza kwa inda tu. Sisi Wakenya, tena, tuna mlango wetu wa kuingilia, madhali Victor Wanyama aliifunga Barcelona kwa kichwa mwaka 2012 akiwa na jezi hiyo hiyo ya Celtic, na aliyemfuata Wanyama hakukawia kumkuta Nakamura, aliyestaafu mwaka 2022 akiwa na miaka 44, mchezaji pekee aliyetunukiwa mara mbili tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Japani, 2000 na 2013.

Mwanangu wa kiume, mfupi na mwenye shoto, amemfanya imamu wake, hususan tangu aliposikia kwamba klabu ya Marinos ya hapa Yokohama ilimwacha Nakamura alipokuwa kijana. Tukamwandikisha katika timu ya mtaa. Na hapo ndipo nilipoijua zamu ya chai. Katika timu hiyo, mtoto hachezi mpaka wazazi wake wahudumu: Jumamosi alfajiri nabeba madumu, barafu na vikombe, peke yangu mwanamume miongoni mwa akina mama, mkononi karatasi inayoeleza kocha yupi hunywa kwa barafu na yupi bila, nami nasimama uwanjani hadi jioni. Na kinywaji chenyewe, ewe uliyelelewa baina ya mashamba ya chai, ni maji ya shayiri iliyokaangwa, wala jani moja la chai halimo! Kwetu mtoto hutoka na mpira asubuhi, na hakuna amwulizaye babake yuko wapi.

Bustani iliyo karibu nasi ina kibao cha kukataza mpira, kwa hiyo mazoezi hufanyika sebuleni kwa soksi zilizoviringishwa, na dada yake mdogo hulipwa biskuti ili asimame kuwa ukuta. Jirani wa chini amekwisha kuja mlangoni, kwa adabu nyingi mno, jambo ambalo hapa ni ghadhabu kamili. Juu ya Nakamura ningaliongeza mengi, ila naitwa kuamua kama ukuta uliruka kabla ya mkwaju, na ukuta wenyewe unalia ukidai biskuti ya pili.