Mfamasia ndani ya saluni: jinsi presha ya wanaume ilivyoshushwa Los Angeles

Mwanamume anayekataa kwenda kupima presha si mgeni kwetu. Utamsikia akisema yuko fiti, hana anachoumwa, na kwamba kliniki ni ya watoto na wajawazito. Lakini nywele zikizidi, mwanamume huyo huyo atakaa kwenye benchi la kinyozi saa nzima akisubiri zamu yake, tena kwa raha. Huko Marekani wapo madaktari walioliona jambo hilo wakaamua kumfuata alipo. Matokeo yao yalizungumzwa sana duniani, na tunayaeleza hapa kwa sababu moja: kilichosaidia zaidi hakikuwa mashine ya kupimia.

Tuanze na presha yenyewe. Moyo unaposukuma damu, damu hubana kuta za mishipa. Ile namba kubwa unayosomewa ni nguvu ya mbano pale moyo unaposukuma, na ile ndogo ni mbano unaobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani unaopitisha maji kwa nguvu kupita kiasi. Haupasuki leo wala kesho, ila kuta zake zinachoka. Mwilini uchovu huo huishia kwenye kiharusi, moyo kuchoka, au figo kuharibika. Na kwa miaka yote hiyo unaweza usisikie maumivu hata siku moja, ndiyo maana yule anayesema yuko fiti hadanganyi. Hajui tu.

Wamarekani weusi ni miongoni mwa watu wanaosumbuliwa zaidi na presha duniani. Huwapata wakiwa bado vijana kuliko wenzao weupe, na wanaume wao hufa mapema zaidi kwa magonjwa ya moyo na kiharusi. Kwa muda mrefu watu walidhani tatizo ni damu ya Kiafrika yenyewe. Mwaka 1997 daktari Richard Cooper na wenzake walichapisha utafiti uliopima watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika sehemu mbalimbali. Walioishi Nigeria na Cameroon, watu 16 katika kila 100 walikuwa na presha. Katika visiwa vya Karibi walikuwa 26. Karibu na jiji la Chicago walikuwa 33. Ukoo ni mmoja, lakini kadiri maisha yalivyofanana zaidi na ya mjini Marekani, ndivyo presha ilivyopanda. Chakula chenye chumvi nyingi, unene, msongo wa mawazo, ubaguzi, ukosefu wa bima ya matibabu: hayo ndiyo ya kuangaliwa kabla ya kulaumu rangi ya ngozi. Wale ndugu wa Afrika Magharibi nao hawakuwa salama kabisa, maana 16 katika 100 si wachache, na kadiri watu wanavyohamia mjini na kubadili chakula, namba hiyo haiwezi kubaki ilipokuwa.

Kuna jambo jingine, nalo ni imani. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, wengi wao wakulima wasio na mali. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya", wakapewa chakula siku ya kupimwa na ahadi ya kugharamiwa mazishi. Ukweli ni kwamba waliachwa makusudi ili wataalamu waone ugonjwa utawafanya nini. Hata penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, walinyimwa. Mambo hayo yaliendelea hadi mwaka 1972 yalipofichuliwa na vyombo vya habari. Rais Bill Clinton aliomba radhi mwaka 1997, miaka 65 baada ya kuanza. Kisa hicho hujulikana kwa jina la Tuskegee. Kwa hiyo mzee wa Kimarekani mweusi anapomwangalia mtu wa koti jeupe kwa jicho la shaka, tusimwite mjinga. Ana sababu.

Kwa kinyozi mambo ni tofauti. Saluni za wanaume weusi ni baraza lao. Huko wanabishana mpira na siasa, wanataniana, wanapeana habari za misiba na kazi. Mteja mmoja anaweza kukata nywele kwa kinyozi yule yule kwa miaka mingi, na humwambia mambo ambayo daktari hatayasikia.

Daktari wa moyo Ronald Victor alianza kulijaribu wazo hili huko Dallas, Texas, katika saluni 17. Vinyozi walifundishwa kupima presha za wateja wao, na aliyeonekana kuwa na presha ya juu alihimizwa aende kwa daktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kulikuwa na nafuu, lakini ndogo. Wengi walipimwa, wakaambiwa, wakaogopa kidogo, kisha maisha yakaendelea. Kupata miadi na daktari ni kazi, kwenda ni kupoteza siku ya kazi, na huko unaweza kuandikiwa dawa au ukaambiwa urudi tena baadaye.

Somo hili linastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu sisi watangazaji pia tumezoea kuhimiza watu "mkapime". Kipimo peke yake hakishushi presha. Kinakupa namba tu.

Daktari Victor alipohamia hospitali ya Cedars-Sinai mjini Los Angeles, alibadilisha mpango. Safari hii alichukua saluni 52 na wanaume weusi 319 wenye umri kati ya miaka 35 na 79. Wote walikuwa wateja wa kudumu, na wote walikuwa na namba ya juu ya presha kuanzia 140. Saluni ziligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu ya kwanza, vinyozi waliwahimiza wateja wapunguze chumvi, wafanye mazoezi, waende kwa daktari. Katika nusu ya pili, kinyozi alimtambulisha mteja kwa mfamasia aliyekuja pale pale saluni.

Mfamasia huyu hakuja kutoa ushauri tu. Alikuwa na makubaliano ya maandishi na madaktari wa wateja, hivyo aliweza kumpima mtu, kumwandikia dawa, na kuiongeza au kuibadilisha aliporudi tena. Alipima damu humo humo saluni kuangalia kama dawa zinaleta shida yoyote, kisha akampelekea daktari taarifa. Dawa zenyewe hazikuwa za ajabu wala mpya. Alianza na amlodipini pamoja na dawa ya kundi la losartani au la enalaprili, na isipotosha akaongeza ya tatu, ya kutoa maji na chumvi mwilini kwa njia ya mkojo. Majina hayo wengi wenu mmeyaona kwenye vidonge vya wazee nyumbani.

Baada ya miezi sita, wanaume waliohimizwa tu walikuwa wameshuka kwa pointi 9 katika namba ya juu, wakafikia wastani wa 145. Waliokutana na mfamasia walishuka kwa pointi 27, wakafikia wastani wa 126. Ukitumia lengo la chini ya 130 kwa 80, katika kundi la mfamasia waliofika ni karibu 64 katika kila 100. Kundi la pili, hata 12 hawakutimia. Watafiti walirudi baada ya mwaka mzima na kukuta tofauti ingalipo.

Namba inayotuambia sababu ni nyingine. Mwanzoni, makundi yote mawili yalikuwa na watu zaidi kidogo ya nusu wanaotumia dawa za presha. Mwishoni, kundi la mfamasia wote walikuwa wanatumia. Kundi la kuhimizwa walifika 63 katika 100. Hivyo kinyozi alifungua mlango, ila aliyeingia nao ni dawa, pamoja na mtu wa kufuatilia dawa hiyo. Hazikukosekana shida: watu watatu katika kundi la mfamasia walipata hitilafu ya figo, na ilionekana mapema kwa sababu walikuwa wanapimwa damu. Ndiyo maana tunasema mapema, msikilizaji: usiazime vidonge vya jirani kwa sababu majina yake umeyasoma hapa.

Utafiti huo ulichapishwa Machi 2018. Daktari Victor alifariki Septemba mwaka huo huo.

Sasa kuna habari za mashine mpya, na tunaulizwa kama hizo ndizo zitamaliza tatizo. Maarufu zaidi inatumia grafini. Grafini ni kaboni, jamii moja na mkaa na ule weusi wa ndani ya penseli, lakini iliyotandazwa hadi unene wa chembe moja tu ya atomi. Wanasayansi wawili wa Manchester, Uingereza, waliitenga mwaka 2004 kwa kubandua tabaka za kaboni kwa selotepu, ndiyo, selotepu ya kawaida, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2010. Inapitisha umeme vizuri sana na inajikunja bila kukatika.

Mwaka 2022 wahandisi wa vyuo vikuu viwili vya Texas walionyesha kibandiko cha grafini cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Miongoni mwao ni Deji Akinwande, aliyekulia Nigeria. Kibandiko hupitisha mkondo mdogo wa umeme usiosikika kwenye ngozi. Damu hupitisha umeme kuliko nyama inayoizunguka, hivyo kila moyo unapopiga, upinzani wa umeme hubadilika kidogo, na kompyuta hukadiria presha kutokana na mabadiliko hayo. Kilipima mfululizo kwa zaidi ya saa tano bila kubana mkono.

Kwa watu weusi kuna faida moja isiyo ndogo. Vifaa vingi vya kuvaa hutumia mwanga, na weusi wa ngozi hunyonya mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kilikosa kuonyesha upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa weupe. Kibandiko cha grafini kinategemea umeme badala ya mwanga. Hata hivyo kilijaribiwa kwa watu wachache, na bado hakijafika madukani. Siku kitakapofika, kitatoa namba nyingi kuliko mashine yoyote, usiku na mchana. Lakini vinyozi wa Dallas nao walitoa namba.

Kwa anayetaka kupima wiki hii, mashine ya kawaida ya kufunga mkononi inatosha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano kabla ya kupima, miguu chini bila kukunja nne, mkono uegemee juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee mpaka mashine imalize. Hilo la kutoongea ni gumu hasa kwa kinyozi, ambako mabishano ya mpira peke yake yanatosha kupandisha namba. Pima mara mbili, andika namba zote kwenye daftari pamoja na tarehe. Ikiwa ya juu inafika 140 au ya chini 90, rudia siku nyingine, kisha chukua daftari hilo uende nalo kituo cha afya. Kama umeshaandikiwa dawa, usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri. Na kabla hujatoka chumbani kwa mganga, mwulize urudi lini kupimwa tena, kisha uandike tarehe hiyo chini ya zile namba.