Pembe za Mombasa na Mgeni Asiyefika

Mtu wa Kiganjo, kule Thika, akirudi nyumbani baada ya kuzuru Mombasa kwa mara ya kwanza, huulizwa mambo mawili: Je, umeiona bahari? Je, umeziona pembe? Pembe hizo wengi wamezipita chini yake na kupigwa picha hapo, walakini si wengi wajuao zilijengwa kwa ajili ya nani. Basi tutaeleza habari zake.

Pembe hizo ziko katika barabara ya Moi Avenue, ambayo zamani iliitwa Kilindini Road, nayo ni njia ya kutoka mjini kwenda bandarini. Si pembe za ndovu halisi. Zimefanywa kwa mabati ya alumini. Ziko nne, yaani jozi mbili, na kila jozi imesimama juu ya upande mmoja wa njia, ncha zake zikipishana juu kama tao. Mtu akizitazama jozi zote mbili pamoja huona herufi M, herufi ya kwanza ya jina la mji wenyewe.

Kumjengea mgeni tao si jambo geni pwani. Watu wa huko wamezoea kusimamisha nguzo njiani na kuzifunga makuti mabichi ya mnazi, mgeni apite chini yake. Na kwa mji wa Mombasa pembe ni alama inayofaa, kwa maana katika karne ya 19 biashara ya pembe ilikuwa kubwa bandarini hapo. Misafara iliyoongozwa na wafanya biashara wa Kikamba, kama Kivoi, ilizichukua kutoka bara hata pwani.

Pembe za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952, kuwa pambo la muda la kumlaki Binti Mfalme Elizabeth pamoja na mumewe, Philip. Wageni hao walifika Nairobi tarehe 1 Februari, wakaenda kupumzika katika nyumba ya Sagana, zawadi ambayo koloni la Kenya lilimpa Binti Mfalme alipoolewa mwaka 1947. Msomaji wa Thika asichanganyikiwe: nyumba hiyo iko karibu na Kiganjo nyingine, ile ya Nyeri. Kutoka huko ilikusudiwa washuke Mombasa, ambako meli iitwayo Gothic ilikuwa ikiwangoja kuwapeleka Ceylon, Australia na New Zealand.

Lakini tarehe 6 Februari Mfalme George wa Sita alifariki huko Uingereza. Usiku ule binti yake alikuwa Treetops, katika msitu wa Nyeri, akitazama wanyama; habari za msiba alizipata aliporudi Sagana. Siku hiyo hiyo alipanda ndege Nanyuki, akapitia Entebbe, akarudi London akiwa Malkia. Hivyo mji uliopambwa ulibaki na mapambo yake, na meli ikabaki bandarini bila abiria wake.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya. Kwa watu wa Thika, Murang'a na Nyeri, mwaka 1952 hukumbukwa kwa jambo hilo, wala si kwa mapambo. Na mwaka 1956, Binti Mfalme Margaret, mdogo wake Malkia, alipolakiwa Mombasa kwa shangwe, maelfu ya wanaume kutoka wilaya hizo walikuwa bado kizuizini. Ni vema mtu asimamaye chini ya pembe ayakumbuke yote mawili, maana nchi ilikuwa moja.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, nyumba ya Sagana ilirudi mikononi mwa Serikali ya Kenya, na baadaye hata jina la barabara lilibadilishwa. Pembe hazikuondolewa. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuzifanya zao. Huagana kukutana hapo, na mgeni akipotea huelekezwa kwazo.

Basi, msomaji, utakapoulizwa kama umeziona pembe, eleza pia kwamba zilijengwa kwa ajili ya mgeni mmoja ambaye mwaka ule hakufika, na kwamba tangu hapo hupita chini yake kila mtu, mwenye gari na mwenye mkokoteni.