Beagle: mbwa anayeongozwa na pua

Kwa wasafiri wengi wanaotua Marekani kutoka Afrika Mashariki, mwenyeji wa kwanza huwa ni mbwa. Huyo ni beagle, mbwa mdogo mwenye masikio marefu yaliyolegea, ambaye hupita baina ya mizigo na kuketi kimya mbele ya begi lenye embe au nyama kavu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kuwatumia mbwa hao kwa kazi hiyo mwaka 1984, katika uwanja wa ndege wa Los Angeles.

Mbwa huyo huyo hupendwa pia majumbani. Mjini Brooklyn Park, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, wanaishi Waafrika wengi, wakiwemo Waliberia na Wakenya. Mzazi aliyekulia mahali ambapo mbwa hulala nje na kulinda boma, anapoombwa beagle na watoto wake, hana budi kujua kwamba anaombwa kitu tofauti kabisa.

Mwindaji mdogo

Beagle alizalishwa Uingereza ili kumfuatia sungura kwa harufu, akiwa katika kundi, kwa saa nyingi. Ana kimo cha sentimita 33 hadi 38 tu, lakini nguvu zake si za mbwa wa mapajani. Akishapata harufu, huinamisha kichwa na kuifuata, na sauti ya mwenyewe haimfikii tena.

Kwa sababu hiyo, wataalamu hushauri asiachiwe huru karibu na barabara, hata akiwa mtiifu nyumbani. Uzio nao ukaguliwe chini, kwani hupenda kuchimba.

Beagle mzima huhitaji kutembezwa walau saa moja kila siku, na aruhusiwe kunusa njiani. Kumburuta haraka ni kumnyima sehemu kubwa ya faida ya matembezi. Siku ambayo hali ya hewa hairuhusu kutoka, punje za chakula chake zinaweza kufichwa vyumbani azitafute. Kazi ya pua humchosha kama mbio.

Baridi na sheria

Tarehe 30 Januari 2019, kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Manyoya mafupi ya beagle hayamkingi na baridi ya namna hiyo, na ncha za masikio yake huweza kuganda. Matembezi huwa mafupi, naye huvishwa koti. Akirudi, nyayo huoshwa ili kuondoa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Sheria ya Minnesota humtaka anayefuga mbwa nje ampatie kibanda kinachomkinga na hali ya hewa. Kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, kibanda hicho lazima kiwe na kizuizi cha upepo mlangoni, na ndani yake matandiko. Lakini beagle, aliyezoea kundi, hustawi zaidi akiishi ndani pamoja na watu.

Hatari zilizomo ardhini

Pua inayogusa ardhi hukutana pia na maradhi. Katika udongo wenye unyevu na magogo yaliyooza, hasa karibu na mito na maziwa, huweza kuwemo kuvu wanaosababisha blastomikosisi, ugonjwa unaojulikana Minnesota. Brooklyn Park umepakana na mto Mississippi. Mbwa anayekohoa, kukonda au kuchechemea apelekwe mapema kwa daktari wa wanyama. Kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme, na mbu hueneza minyoo ya moyo. Yote mawili yana dawa za kinga.

Masikio yaliyolegea hufuga unyevu, hivyo yakaguliwe kila wiki. Chakula nacho kipimwe, kwa kuwa beagle ni mlafi na hunenepa upesi. Zabibu, vitunguu, chokoleti na baadhi ya chingamu zisizo na sukari ni sumu kwake.

Zamu na majirani

Kikwazo kikubwa pengine ni muda. Familia ambayo baba na mama hufanya kazi kwa zamu, hospitalini au ghalani, huweza kumwacha mbwa peke yake saa kumi au zaidi. Beagle mpweke hulia kwa mlio mrefu unaopenya kuta, na katika nyumba za kupanga malalamiko huweza kufika kwa mwenye nyumba.

Ujirani una adabu nyingine pia. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wakiwemo Wasomali wengi, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kuifupisha kamba kwenye ngazi au lifti huondoa ugomvi kabla haujazaliwa.

Hivyo, kabla ya kuulizia bei, familia ipange ratiba: nani atamtembeza alfajiri ya Januari, na nani adhuhuri wakati wote wako kazini. Beagle huweza kuishi miaka 12 hadi 15, na wajibu huo hubaki hata watoto walioomba wakishahama nyumbani.