Gari Linapochoka Mlimani: Hewa, Petroli na Mpando wa Marangu

Mtu anunuapo gari lililokwisha kutumika, kwa kawaida hulijaribu mahali palipo tambarare. Mjini Moshi hulipeleka hadi njia panda ya Himo na kurudi, akaridhika na mngurumo wake, akalipa fedha. Siku ya kwanza ya kulipandisha Marangu, gari lile lile huanza kupungukiwa na nguvu. Kisha hukohoa, hutikisika na kuzimika katikati ya mpando. Mwenyewe akisubiri robo saa, huwaka tena kana kwamba halikuwa na ugonjwa wowote. Fundi wa kwanza humwambia anunue pampu ya mafuta. Wa pili anataka kuifungua kabureta. Wa tatu husema kosa ni la mlima wenyewe. Kila jibu lina gharama yake, na pampu iliyonunuliwa bure hairudishwi dukani. Je, yawezekana kujua ni yupi asemaye kweli kabla ya kutoa fedha?

Tuanze na huyu wa tatu, maana hakukosea kabisa. Injini haiendeshwi na petroli peke yake. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, na hewa huwa nyepesi kadiri tupandavyo. Mji wa Moshi uko kiasi cha meta 800 juu ya usawa wa bahari, na lango la Hifadhi ya Kilimanjaro lililoko Marangu liko karibu meta 1,900. Katika safari hiyo fupi, uzito wa hewa inayoweza kujaa ndani ya silinda hupungua kwa karibu sehemu moja katika kumi. Ukilinganisha na Dar es Salaam, upungufu ni kama asilimia 17. Wanafunzi wanaweza kujionea jambo hili kwa chupa tupu ya plastiki: ikifungwa barabara pale langoni, itakuwa imebonyea yenyewe itakapofika Himo, kwa sababu kanieneo ya hewa ya huku chini ni kubwa kuliko ile iliyofungiwa ndani. Basi injini isiyo na turbo haina budi kupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake kati ya Moshi na langoni, hata kama imetoka kiwandani jana. Hilo halina fundi.

Lakini upungufu huo una tabia zake. Huja polepole, meta kwa meta. Haulifanyi gari likohoe wala lizimike, na hauponi kwa kupumzika kando ya barabara, kwa kuwa hewa ya mahali pale haibadiliki kwa sababu dereva ameketi chini ya mgomba. Gari linalozimika na kupona baada ya robo saa lina ugonjwa wake lenyewe; mlima umeufichua tu.

Hapa yafaa tufanye hesabu kidogo. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likipanda meta 1,000 kwenda juu, hufanya kazi ya karibu jouli milioni 12. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama jouli milioni 32, na injini ya kawaida hugeuza robo tu ya nishati hiyo kuwa kazi, yaani jouli milioni 8. Kwa hiyo kulinyanyua gari hilo peke yake, mbali na msuguano wa magurudumu na upepo, kwahitaji lita moja na nusu katika kilometa kama 20 hivi. Barabarani tambarare gari halidai kitu cha namna hiyo. Pampu iliyochoka, au kichujio kilichojaa kutu ya tangi, chaweza kabisa kutosheleza safari ya Himo na kushindwa vibaya njiani Marangu.

Na kwa nini gari lipande dakika kadhaa kabla ya kushindwa? Ndani ya kabureta mna bakuli dogo lenye boya, ambalo huweka akiba ya petroli. Mpandoni injini hunywa kuliko pampu iletavyo; akiba hushuka pole pole, na ikiisha, injini hukohoa. Gari likisimama, pampu huwa imepata nafasi ya kulijaza bakuli mara injini inapozungushwa tena. Jambo la kuzima na kupona, ambalo wengi hulidhania kuwa la kimiujiza, halina siri kubwa kuliko mtungi unaochotwa upesi kuliko bomba linavyoujaza.

Hata hivyo mwenye gari asikimbilie dukani bado, kwani dalili hiyo hiyo huletwa na mambo mengine mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni tundu la kupumulia la tangi. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie mahali pake. Tundu likiziba kwa vumbi, kanieneo ndani ya tangi hushuka na pampu nzima kabisa hushindwa kuvuta. Gari likizimika, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na gari likapanda vyema baada ya hapo, umeupata ugonjwa. La pili ni joto. Sisi sote twajua kwamba maji huchemka mapema zaidi mlimani: langoni Marangu ni kama nyuzi 94 za Selsiasi badala ya 100. Petroli nayo hufuata kanuni hiyo, na sehemu zake nyepesi huchemka kwa joto dogo sana. Bomba lipitalo karibu na injini moto hujaa mvuke, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminiko hubaki ikibana mvuke tu. Kitambaa chenye maji kikiwekwa juu ya pampu na gari likapona upesi, tatizo ni bomba lililopitishwa vibaya.

Plagi nazo husema. Injini ikizimwa mara inapoanza kukohoa, kisha plagi zikafunguliwa baada ya kupoa, weupe wa majivu waonyesha njaa ya petroli. Weusi wa masizi waonyesha petroli kuzidi hewa. Kabureta haijui uzito wa hewa, hivyo kutoka pwani hadi langoni mchanganyiko huzidi petroli kwa karibu asilimia 10. Kabureta iliyorekebishwa vizuri huvumilia. Iliyokuwa ikimimina tangu Dar es Salaam hutoa moshi mweusi, na hapo fundi wa pili ndiye mwenye haki, ingawa mimi ningetazama kwanza kichujio cha hewa, maana vumbi huleta dalili hiyo hiyo.

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa siku hizi kutoka Japani hayana kabureta. Pampu ya umeme iliyomo tangini husukuma petroli kwa kanieneo ya takriban mara tatu ya ile ya hewa, na kifaa cha kupima hewa huipunguza petroli gari linapopanda. Moshi mweusi katika gari la namna hii hausababishwi na mlima. Wala hakuna bakuli la akiba: kanieneo ikishuka, nguvu hukatika papo hapo. Fundi aipime injini ikiwa kazini, mpandoni, kwa kuwa kipimo cha gari lililosimama gereji huweza kuonyesha afya tele.

Petroli isifunguliwe karibu na injini moto, na wavutaji sigara wakae mbali. Tena kuna breki. Magari mengi hupata msaada wa breki kutokana na mvuto wa injini. Injini ikizimika, msaada uliobaki hutosha kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Barabara hii ndiyo ishukayo na ndizi na kahawa, na ndiyo wapitayo wagonjwa waendao hospitali ya KCMC. Basi jaribio la mpandoni lifanywe na watu wawili, mmoja akikaa tayari na kabari ya mti ya kuzuia gurudumu la nyuma.